Kuichungulia Urusi ya vita: televisheni, kura za maoni, Telegram, wanahabari wa uhamishoni au pesa?

Mjomba wangu wa Tanga hanywi chai ya asubuhi kabla hajanirushia video. Leo jenerali wa Kirusi anachora mishale kwenye ramani, kesho kifaru cha Kijerumani kinafuka moshi shambani, keshokutwa bibi wa Ulaya analalamikia bei ya gesi. Chini yake maneno yaleyale: "Mwanangu, wewe uliyesoma kwao, hii kweli?" Mzee ana historia yake na Moscow. Ujanani alisikiliza Redio Moscow kwa Kiswahili, na rafiki zake wawili walikwenda Chuo cha Lumumba wakarudi madaktari. Binamu yangu wa Nairobi hurusha za upande wa pili. Kwa mujibu wa video zake, uchumi wa Urusi umebakiza wiki mbili, na umebakiza wiki mbili tangu Machi 2022.

Mara nyingi video zao ni za kweli. Kifaru kiliungua, bibi alilalamika. Ila ukichungulia nyumba ya mtu kwa tundu la ufunguo utaona kiti na nusu ya meza, halafu utoke ukitangaza kwamba umeona sebule. Mimi nilisoma Urusi kabla ya vita, Kirusi changu bado kinasoma gazeti bila kamusi, na tangu tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, nimekuwa nikizunguka kwenye madirisha matano: televisheni ya serikali, kura za maoni, Telegram, wanahabari waliokimbilia nje, na pesa. Kila dirisha lina swali linaloliweza na lina maswali ambayo ukilipelekea litakupoteza. Nitayapima, mengine kwa kirefu kuliko mengine, halafu nitasema nani achukue lipi.

Televisheni: darasa la msamiati

Chaneli kubwa ni Pervy Kanal, Rossiya-1 na NTV. Taarifa kuu ya Pervy Kanal, Vremya, bado hutoka saa tatu usiku kama enzi za Kisovieti. Rossiya-1 ina Olga Skabeyeva na 60 Minut yake, ina Vladimir Solovyov anayekaa hewani hadi usiku wa manane, na Jumapili ina Dmitry Kiselyov kwa muhtasari wa wiki.

Faida ya dirisha hili kwa mtu wa nje ni maneno. Chukua neno moja tu, khlopok, sauti ya kitu kinachopasuka kidogo, kama mtu kupiga kofi moja. Kirusi kina neno lake la mlipuko, vzryv, kila mtoto analijua. Lakini ghala likiruka angani, taarifa husema kumesikika khlopok. Neno hili lilianza kutumika hivyo kabla ya vita, vita vikalinenepesha. Jeshi lilipoondoka Kisiwa cha Nyoka cha Ukraine tarehe 30 Juni 2022, ikaitwa ishara ya nia njema. Lilipokimbia mkoa wa Kharkiv Septemba mwaka huohuo, lilikuwa linajipanga upya. Siku hizi kiwanda cha mafuta kikiwaka, gavana wa mkoa huandika kwamba droni zote zimetunguliwa ila mabaki yameanguka na kuwasha moto. Msikilizaji wa Urusi ameshazoea: mabaki yana shabaha kuliko droni yenyewe.

Kujua maneno haya kuna maana, kwa sababu ndani ya nchi yana bei yake. Sheria ya tarehe 4 Machi 2022 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 15 kwa anayesambaza "habari za uongo" kuhusu jeshi, na uongo ni chochote kinachopishana na Wizara ya Ulinzi. Hata neno vita liliwekwa kando, pakaja "operesheni maalumu ya kijeshi". Siku kumi baada ya sheria hiyo, mfanyakazi wa Pervy Kanal, Marina Ovsyannikova, aliingia nyuma ya msomaji habari katikati ya Vremya akiwa na bango linalowaambia watazamaji wasiamini propaganda, kwamba wanadanganywa. Alionekana kwa sekunde chache, kisha wakakata picha. Sekunde zile zilikuwa habari dunia nzima, na sehemu kubwa ya waliokuwa wakitazama pale hawakuambiwa tena lilikuwa jambo gani.

Televisheni pia inafundisha kuangalia nani hayupo. Tarehe 9 Novemba 2022 Jenerali Sergei Surovikin alisimama mbele ya ramani akampendekezea Waziri wa Ulinzi Sergei Shoigu waondoke mji wa Kherson. Shoigu akakubali, wote wawili wakiwa na nyuso za msibani. Wiki sita kabla, Putin alikuwa ametia saini ya kuuingiza mkoa mzima wa Kherson, wa Ukraine, ndani ya Urusi, akisema wakazi wake ni raia milele. Siku ya kuondoka, Putin hakuwemo kwenye fremu. Habari njema huja na sura ya rais. Habari mbaya huletwa na mkuu wa idara. Aliyewahi kufanya kazi ofisi yoyote ya umma hahitaji tafsiri.

Sasa udhaifu. Vipande vya Solovyov akitishia kuilipua London kwa nyuklia ndivyo vinavyotafsiriwa zaidi, na mtu wa nje anadhani taifa zima linakaa mezani likishangilia. Watazamaji wa vipindi hivi wameegemea upande wa wazee. Utafiti wa Levada, kituo cha kura za maoni cha Urusi, ulionyesha kwamba mwaka 2009 zaidi ya watu tisa kati ya kumi walitaja televisheni kama chanzo chao cha habari. Kufikia 2021 walikuwa sita hivi. Wengi wa hao huiacha iwake jikoni kama sisi tunavyoacha redio.

Tena, kazi yake kubwa haikuwa kumfanya mtu aamini jambo moja. Miili ilipokutwa barabarani Bucha, mji wa Ukraine karibu na Kyiv, Aprili 2022, maelezo yalikuja kwa furushi: ni igizo, ni waigizaji, ni Waukraine wenyewe, ni Waingereza. Maelezo hayo yanapingana, na hakuna aliyejisumbua kuyapatanisha. Mtu akishakula maelezo manne yasiyokubaliana anachoka, anasema sentensi mbili ambazo ukikaa na Warusi utazisikia hadi uziote: "ne vsyo tak odnoznachno", mambo si mepesi hivyo, na "vsey pravdy my ne uznayem", ukweli wote hatutaujua. Aliyefika hapo haandamani kupinga vita wala hajitolei kwenda vitani. Anarudi kukaanga viazi. Kwa serikali, huyo anatosha kabisa.

Kwa hiyo televisheni ichukue kama unataka kujua serikali inataka nini na inaogopa nini. Kama unataka kujua watu wanawaza nini, izime.

Kura za maoni: tazama mwendo, acha kiwango

Binamu yangu anapenda kusema kura za Urusi zote ni feki. Mjomba anazipenda kwa sababu zinampa Putin asilimia 80 na zaidi. Wote wamekosea, kila mmoja kwa njia yake.

Levada ni kituo cha watafiti wa kweli, na serikali yenyewe ilikibandika jina la "wakala wa kigeni" mwaka 2016. Tangu vita vianze, kila mwezi karibu robo tatu ya wanaojibu, wakati mwingine zaidi, husema wanaunga mkono matendo ya jeshi lao Ukraine. Katika kura hizohizo, zaidi ya nusu husema afadhali mazungumzo ya amani yaanze, na mwaka 2025 waliosema hivyo walifika karibu theluthi mbili. Ukiweka namba hizi mbili pamoja unaona watu wasiotaka kuonekana wanalisaliti jeshi na ambao wangefurahi kesho wakiamka jambo lote limekwisha. Kwao hakuna mgongano hapo.

Tatizo ni woga. Msanii Sasha Skochilenko alibandua vibandiko vya bei kwenye duka la St Petersburg akaweka vyake, vidogo vilevile, vyenye habari za vita badala ya bei. Mteja mmoja akashtaki. Novemba 2023 alihukumiwa miaka saba, na alitoka kwa mabadilishano ya wafungwa ya tarehe 1 Agosti 2024. Sasa ukiwa na jirani wa namna ile, simu ikaita, sauti usiyoijua ikauliza kama unaliunga mkono jeshi, utajibu nini? Wengi hukata simu, na hao hawamo kwenye asilimia yoyote.

Kuna ujanja wa kitafiti unaonivutia kuliko kura zenyewe. Wahojiwa hugawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza linapewa orodha ya mambo, tuseme matatu: pensheni ipande, nyumba za kupanga zidhibitiwe bei, pombe iuzwe usiku. Mhojiwa haulizwi anakubali lipi, anaulizwa anakubali mangapi. Kundi la pili linapewa orodha ileile na jambo la nne: matendo ya jeshi Ukraine. Mtu anajibu "mawili", na hakuna polisi anayeweza kujua ni mawili yapi. Ukitoa wastani wa kundi moja kwenye wastani wa lingine, unapata wangapi wameongeza jambo la nne. Watafiti wawili walifanya hivyo mwanzoni mwa vita, mwaka 2022. Walipouliza waziwazi walipata asilimia 68 ya kuunga mkono. Kwa orodha wakapata 53. Hizo pointi 15 ndizo woga, au angalau sehemu yake inayopimika. Mjomba atasema 53 bado ni wengi, na ni kweli, na binamu yangu haipendi namba hiyo hata kidogo.

Kwa mtu wa nje, kura zinafaa pale zinapoyumba. Tarehe 21 Septemba 2022 Putin alitangaza kuita askari wa akiba 300,000. Mwezi huohuo kukubalika kwake kwenye kura za Levada kulishuka kutoka asilimia 83 hadi 77. Pointi sita, kwa nchi ileile, kwa swali lilelile, kwa woga uleule. Maana yake kitu kimegusa nyumba. Miezi ambayo miji ya Ukraine ilipigwa usiku kucha namba haikutikisika hivyo. Ilitikisika ilipofika zamu ya kijana wa ghorofa ya tatu.

Telegram: ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na sijivunii. Telegram ya Kirusi ni baraza la kahawa lisilofungwa. Facebook, Twitter na Instagram zilizuiwa Machi 2022, watu wakahamia huko kwa mamilioni, na kukazaliwa kabila la wanablogu wa kijeshi, voyenkory. Mmoja wao, Rybar, ana wafuasi zaidi ya milioni. Wengi wao wanaitaka vita kuliko Wizara yenyewe, na ndiyo maana walisema kuhusu Kharkiv, ukosefu wa maganda ya mizinga na makamanda wazembe wakati televisheni inapiga kofi moja tu.

Aliyekwenda mbali alilipa. Igor Girkin, anayejiita Strelkov, ofisa wa zamani wa FSB, idara ya usalama ya Urusi, ambaye mahakama ya Uholanzi ilimhukumu bila yeye kuwepo kwa kutunguliwa ndege ya abiria MH17, alikuwa akimtukana Shoigu kila siku na hatimaye Putin. Julai 2023 akakamatwa. Januari 2024 akapewa miaka minne. Yevgeny Prigozhin, mkuu wa jeshi la kukodiwa la Wagner, yeye alianza na sauti za kurekodi kwenye Telegram na akamalizia na msafara wa magari ya deraya kuelekea Moscow tarehe 24 Juni 2023. Siku ile watu wa Rostov-on-Don walipiga picha na vifaru vyake, wakanunua kahawa, wakawapigia makofi wapiganaji jioni wakiondoka. Sikuona umati uliotoka kumtetea Putin. Miezi miwili baadaye, tarehe 23 Agosti, ndege ya Prigozhin ilianguka mkoa wa Tver.

Mimi nilijifunza zaidi kwenye vikundi vidogo vya miji na mitaa kuliko kwa hao wakubwa. Huko watu wanauliza kwa nini intaneti ya simu imekatika tena, nani ameona mume wangu wa kikosi fulani, na mayai yamefika bei gani. Mayai si mzaha: Desemba 2023 yalipanda hadi Putin akaomba radhi kwenye matangazo ya moja kwa moja. Radhi kwa mayai zilitoka. Kwa mengine sijaisikia.

Hasara zake ni mbili. Ya kwanza, uongo unakimbia bila breki, na mwandishi anayeonekana huru anaweza kuwa analipwa na mtu. Ya pili, mlango unafungwa. Mwaka 2024 YouTube ilipunguzwa kasi hadi video haifunguki. Agosti 2025 simu za sauti za WhatsApp na Telegram zikabanwa. Na tangu tarehe 1 Septemba 2025 kila simu mpya lazima iuzwe ikiwa na Max, programu ya kuzungumzia iliyotengenezwa na kampuni ya VK na kubebwa na serikali. Anayeanza leo kulitegemea dirisha hili ajue fundi yuko nje na misumari.

Wanahabari wa uhamishoni: daftari la majina

Meduza iko Riga tangu 2014, na Januari 2023 ilitangazwa kuwa "shirika lisilotakiwa", kwa hiyo hata kuichangia rubli mia ni hatari. Novaya Gazeta, gazeti la Dmitry Muratov aliyepata Nobel ya amani 2021, lilisimamisha uchapishaji mwishoni mwa Machi 2022 na baadhi ya waandishi wake wakaanzisha jipya Ulaya. Redio ya Ekho Moskvy ilifungwa mwezi huohuo. Televisheni ya Dozhd ilikimbilia Latvia, ikanyang'anywa leseni huko Desemba 2022 baada ya mtangazaji wake kusema jambo lililosikika kama kuwasaidia vifaa askari waliopelekwa vitani, ikahamia Amsterdam. Fukuzwa kwenu kwa kuipinga vita, kisha ufukuzwe ugenini kwa kuonekana hukuipinga vya kutosha.

Kama ni kazi moja tu ya kusoma, soma hesabu ya Mediazona, tovuti huru ya habari ya Kirusi, pamoja na idhaa ya Kirusi ya BBC. Serikali ya Urusi ilitoa idadi ya askari wake waliokufa kwa mara ya mwisho Septemba 2022: 5,937. Baada ya hapo, kimya. Mediazona na wenzao wakaanza kukusanya majina. Mwalimu mkuu anaandika kwenye VK, mtandao wa kijamii wa Kirusi, kwamba mwanafunzi wa zamani amekufa kishujaa. Gazeti la wilaya linachapisha tanzia. Mtu wa kujitolea anapita makaburini na simu kupiga picha vibao vipya. Kila jina linathibitishwa, kisha linaingia. Kufikia katikati ya 2025 majina yalikuwa yamevuka 100,000, na wao wenyewe wanasema hayo ni yale tu waliyoyapata. Hapo unaona pia ni nani anayekufa. Jamhuri ya Bashkortostan inaongoza kwa idadi, na Buryatia na Tuva, mbali kabisa na Moscow, zimetoa wengi mno ukilinganisha na watu wao.

Kasoro yao ni umbali. Ukikaa Riga miaka mitatu, unaanza kuisikia Urusi kupitia wale tu ambao bado wana ujasiri wa kukupigia. Ukiwasoma hawa peke yao utadhani kila Mrusi ama ni gaidi wa serikali ama ni mpinzani aliyejificha, na utashindwa kumwona yule wa viazi, ambaye ndiye wengi.

Hata hivyo, wao ndio walionionyesha foleni ya Januari 2024. Mwanasiasa Boris Nadezhdin alitaka kugombea urais akisema waziwazi kwamba vita ni kosa, na sheria ilimtaka akusanye saini. Watu wakapanga foleni kwenye theluji, Moscow, St Petersburg, hata Yakutsk kwenye baridi ya kugandisha kope, vijana na bibi zao, pasipoti mkononi. Hakuna bango, hakuna kelele. Kutoa saini kulikuwa halali, na hiyo ndiyo ilikuwa hamu yao: kusema hapana kwa njia halali, mara moja. Tarehe 8 Februari tume ya uchaguzi ikamkatalia. Televisheni isingekuonyesha foleni ile, na kura ya maoni isingeisikia.

Pesa: dirisha lisilo na mtangazaji

Mjomba alipoona video ya vijana wakipeperusha herufi Z, alama ya kuunga mkono vita, akasema, "Watu wanajitolea." Nikamtumia tangazo la kuandikisha askari. Baada ya zogo la Septemba 2022, wakati mamia ya maelfu ya wanaume walivuka mpaka kwenda Kazakhstan na Georgia, wengine kwa miguu na baiskeli, serikali iliacha kuwaita watu kwa nguvu kwa wingi ule. Ikaanza kununua. Malipo ya serikali kuu ya kusaini mkataba yalikuwa rubli 195,000. Tarehe 31 Julai 2024 Putin akayapandisha hadi 400,000. Mwezi huohuo meya wa Moscow, Sergei Sobyanin, alitangaza kwamba anayesainia jijini atapata rubli milioni 1.9 papo hapo. Hiyo ilikuwa kama dola 22,000. Mshahara wa wastani nchini mwaka ule haukufika rubli 90,000 kwa mwezi.

Fikiri kama mfanyabiashara wa Kariakoo. Kitu ambacho watu wanakigombania hakipandi bei ya kumbembeleza mtu akichukue. Kama robo tatu ya nchi ina moyo wa vita, kwa nini mtu mmoja kutoka moyoni humo agharimu mishahara ya miezi ishirini na zaidi? Sisemi hawaipendi nchi yao. Nasema bei inatoka kwa mtu anayejua kwa hakika ni wangapi wangekwenda bure.

Na pesa inaeleza kimya cha vijiji vilivyozika wengi. Familia ya aliyekufa hulipwa mamilioni ya rubli, kwa Kirusi cha mitaani grobovye, pesa za jeneza. Kwenye mji wenye kiwanda kimoja kilichofungwa, pesa hizo zinanunua nyumba na gari. Mama aliyenunua nyumba kwa kifo cha mwanawe hatakwambia kifo kile kilikuwa cha bure. Hawezi, na usimtake.

Dirisha hili lina upofu wake: halikwambii mtu anahisi nini usiku, na sehemu kubwa ya bajeti ya jeshi ni siri. Lakini matangazo ya kuandikisha yako barabarani, kwenye vituo vya mabasi, hayahitaji VPN wala mkalimani mwerevu. Ukijua kusoma tarakimu, unasoma.

Nani achukue lipi

Mjomba, ambaye anataka kujua Putin atafanya nini, nimempa televisheni, kwa sharti la maneno: aache video za mizinga, afuatilie wanapobadilisha jina la kitu. Binamu yangu, anayesubiri Warusi wainuke, nimempa Levada na zile pointi sita za Septemba 2022, aone ni kitu gani hasa kiliwagusa. Hakuzifurahia. Mwandishi wa habari au mwalimu mwenye saa moja kwa wiki achukue Mediazona na bei za mikataba. Viwili hivyo vinachunga vingine vyote. Telegram naiacha kwa anayejua Kirusi na mwenye subira, wengine itawapotezea muda tu.

Amebaki mzazi, na huyu ndiye anayenipigia simu siku hizi kuliko wote. Mtoto amepata nafasi ya kusoma, au binti ameona tangazo la kazi na mafunzo huko Tatarstan, jamhuri ndani ya Urusi. Kwa mzazi huyu, mambo ya nani anamwamini Solovyov ni anasa. Januari 2023 Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, Dkt. Stergomena Tax, alithibitisha kwamba Mtanzania aliyekwenda kusomea shahada ya uzamili Moscow, akahukumiwa kifungo cha miaka saba, alikubali kujiunga na Wagner kwa ahadi ya kusamehewa na akauawa Ukraine Oktoba 2022. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza jinsi wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Rwanda, Kenya na kwingineko walivyovutwa na matangazo ya Alabuga Start, mpango wa kuajiri wa hukohuko Tatarstan, wakadhani wanakwenda kwenye hoteli na upishi, wakajikuta wanaunganisha droni za vita kiwandani. Septemba 2025 polisi wa Kenya waliwakuta watu zaidi ya 20 kwenye nyumba za Athi River wakisubiri safari ya kwenda Urusi.

Mzazi aanze na dirisha la pesa na asitoke hapo. Nani analipa tiketi? Mkataba uko kwa lugha gani, na mtoto ameusoma au amesomewa? Kiwanda kiko wapi, na kimewahi kupigwa na droni? Hili la mwisho anaweza kuliuliza kwenye Telegram ya mji husika, na nitamtafsiria. Wiki iliyopita nilimtafsiria mama mmoja wa Morogoro mkataba wa kurasa sita. Ukurasa wa nne ulisema mwajiri anaweza kubadilisha aina ya kazi bila kumwuliza mwajiriwa. Tangazo lenyewe, la Kiswahili kizuri, lilikuwa na picha ya msichana ameshika sinia la keki.